Kati ya Dafu na Nazi

Mnazi ni mmoja, lakini Kiswahili hakikuridhika kuyaita matunda yake kwa jina moja. Tunda likiwa changa kabisa huitwa kidaka. Likianza kujaa huwa kitale. Maji yake yakishakuwa matamu, na nyama yake ikiwa laini ya kukombwa, huwa dafu. Mwisho wa safari huwa nazi, ngumu na nyeupe, tayari kukunwa na kukamuliwa tui; na nazi hiyo ikikaukia ndani ya kifuu chake huitwa mbata, ambayo hukamuliwa mafuta. Kati ya dafu na nazi ipo hatua moja ambayo hata sisi watu wa pwani huitaja kwa haraka, kana kwamba haina habari: koroma. Koroma limekwisha kuuaga udafu. Maji yake yamepungua utamu, na nyama yake imekuwa ngumu, lakini haijakolea kiasi cha kutoa tui zito. Muuza madafu halitaki, na mpishi hulitazama kwa mashaka.

Nina miaka 51. Kwa hesabu ya mnazi, mimi ni koroma. (Kitenzi kukoroma, ambacho nacho wameanza kunisingizia nyumbani, ni habari nyingine, sitakijadili hapa.) Makala hii inahusu mwili wa umri huu: ngozi yake, viungo vyake, na mambo madogo ninayoyafanya kila siku ili unifikishe kwenye unazi nikiwa bado na nguvu ya kuinuka mkekani. Nayaandikia jamvi la washairi na wapenzi wa lugha kwa sababu nimeamini kwamba utunzaji wa mwili huanzia katika kitenzi. Tukikosea kitenzi, mkono nao hukosea.

Tuanze na jina la umri wenyewe. Mtu wa umri wangu huitwa mtu wa makamo. Neno hili limetokana na Kiarabu, na asili yake ni mahali pa kusimama, kisha daraja au cheo. Kwa hiyo makamo si mteremko. Ni mahali ambapo mtu amesimama. Jina la pili ni mtu mzima, nalo ni la ajabu zaidi. Neno zima, katika lugha yetu, lina maana ya kitu kisichopungua: mkate mzima, siku nzima. Lina maana pia ya afya: u mzima? Lina maana ya uhai: tumemkuta mzima. Neno lilo hilo ndilo tunalompa aliyeuacha ujana. Wahenga waliposema utu uzima dawa, walikuwa wakiisifu busara. Lakini mimi husikia ndani yake agizo jingine, kwamba mwenye umri huu anapaswa kuwa mzima kwa maana zote tatu.

Kipo kitenzi cha tatu, ambacho wanawake wengi hukisikia kwa mara ya kwanza chumbani kwa daktari: kukoma. Hedhi imekoma. Neno hilo huanguka kama kofuli. Lakini mshairi anayehesabu silabi ataona kwamba kati ya kukoma na kukomaa pana irabu moja tu. Embe lililokomaa halijafika mwisho; limefika wakati wake. Nazi iliyokomaa ndiyo yenye mafuta. Sidai kwamba irabu moja itaondoa joto la usiku, wala usingizi unaokatika saa nane. Nasema tu kwamba lugha imetuwekea njia mbili za kuuona mwaka huohuo mmoja, nasi tuna hiari ya kuchagua.

Sasa tazama vitenzi vya matangazo ya vipodozi. Rudisha ujana. Pambana na uzee. Ondoa dalili. Futa makunyanzi. Vyote ni vitenzi vya vita au vya usafi, na katika vyote mwili wa mtu wa makamo ni adui au ni uchafu. Wapenzi wa methali tunajua kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi. Basi anayetuuzia marejeo yake anatuuzia moshi kwenye chupa. Mimi nimechagua kitenzi kingine, kutunza, kwa sababu kina maana mbili na zote mbili nazihitaji. Maana ya kwanza ni kuhifadhi kwa uangalifu: kutunza mtoto, kutunza siri. Maana ya pili huonekana kwenye hafla ya taarabu, pale mtu anapoinuka kitini na kwenda kumtunza mwimbaji kwa noti, kwa kuwa wimbo umemgusa. Mwili huu umenibeba miaka 51. Umebeba mimba, umebeba ndoo, umesimama mbele ya ubao wa darasa tangu asubuhi hadi mchana. Ninapoupaka mafuta usiku, naupa tuzo yake.

Ngozi, basi. Ngozi ya makamo hubadilika kwa sababu zinazojulikana. Chini ya tabaka la juu kuna nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambazo huishikilia ngozi kama kamba zinavyoushikilia wavu wa kitanda. Kadiri miaka inavyokwenda, mwili huzitengeneza kwa uchache zaidi, na kwa wanawake upungufu huongezeka kasi katika miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma, kwa sababu homoni ya estrojeni imeshuka. Tezi za mafuta nazo hupunguza kazi, ngozi ikawa kavu, ikawasha, ikapauka miguuni. Jua huongeza yake. Ngozi nyeusi ina kinga ya asili kubwa kuliko nyeupe, ndiyo sababu makunyanzi hutuchelewa. Lakini kinga hiyo si ukuta. Jua la miaka mingi hutuachia mabaka na rangi isiyolingana mashavuni.

Kwa ukavu, wahenga walitangulia kutoa jibu bila kukusudia: ngozi ivute i maji. Methali hii ni ya watengeneza ngozi za wanyama, na sote tunaifundisha kama wito wa kufanya jambo wakati wake. Lakini ichukue kama ilivyo, neno kwa neno, uipeleke bafuni. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuyazuia yasitoke. Ukijipaka ngozi ikiwa imekwisha kukauka kabisa, umefunga mlango wa nyumba tupu. Jifute kwa kugusagusa kwa taulo, uache unyevu kidogo, kisha paka ndani ya dakika chache. Tangu nianze kuitii methali kwa herufi zake, miguu yangu imeacha kuandikika kwa ukucha.

Mengine ni machache. Naoga kwa maji ya uvuguvugu badala ya maji ya moto, kwa sababu maji ya moto huyayeyusha mafuta ya asili ya ngozi na kuondoka nayo. Sabuni kali naitumia kidogo, kwapani na miguuni zaidi kuliko kwingine. Dodoki sijalitupa, ila silisugui tena kama ninayekwangua sufuria. Usoni napaka losheni nyepesi yenye gliserini, na asubuhi mafuta ya kukinga jua yenye kipimo cha 30 au zaidi. Mafuta ya nazi nayaacha kwa mikono, miguu na visigino, kwa kuwa usoni kwa baadhi yetu huziba vinyweleo na kuleta chunusi, hata katika umri huu. Saa za jua kali natembea na mwavuli, nao wanafunzi wangu wanaucheka. Pia mara moja kwa mwezi nazitazama nyayo zangu, viganja na kucha. Kwa watu weusi saratani ya ngozi iitwayo melanoma, ijapokuwa ni adimu, hupenda kujificha huko. Bob Marley alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Baka jeusi jipya linalokua si jambo la kungojea.

Hapa napenda kuzungumzia jambo linalonikera katika urithi wetu, nikiwa naupenda urithi huo. Kiswahili cha pwani kina msamiati mnono wa ngozi. Tuna liwa, msandali unaosugwa juu ya jiwe la msio kwa maji kidogo hadi utoke uji wenye harufu ya kutuliza. Tuna dalia. Tuna singo, mchanganyiko wa maua na majani ya kunukia ambao Zanzibar na Pemba husuguliwa mwilini mwa bi harusi hadi ngozi ing'ae. Tuna hina na vikuba vya asumini. Lakini yapange maneno hayo mstari mmoja uone yanaelekea wapi: yote yanaelekea chumba cha harusi. Mwana Kupona binti Msham, alipomtungia binti yake utendi wake mnamo mwaka 1858 hali yeye mwenyewe ni mgonjwa, aliyaweka mapambo na usafi wa mwili miongoni mwa mambo ya adabu, na hilo ni jambo kubwa. Mwili haukuwa upuuzi kwake. Hata hivyo mwili ule unapambwa kwa ajili ya mume. Msamiati wetu wa ngozi ni msamiati wa mwari. Ukishapita hapo, unakutana na kimya. Mwili wa makamo hauna sherehe, wala kungwi, wala neno lake.

Kimya hicho nilikiona kikivunjwa mara moja, na aliyekivunja ni mama yangu. Baba alipofariki, mama alikaa eda, miezi minne na siku kumi, bila manukato wala mapambo. Alikuwa na miaka 58. Siku alipotoka eda shangazi zangu walikuja, wakamwogesha, wakampa kanga mpya, wakaondoka. Baada ya wiki hivi nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, jiwe la msio liko mapajani, anasugua liwa. Nilidhani anamwandalia mjukuu. Akajipaka mwenyewe, shingoni, mikononi, hadi kwenye vifundo vya miguu, taratibu kama anayesoma. Nikamwuliza kwa utani, "Mama, tuna mgeni?"

Akanijibu bila kuinua macho, "Mgeni ni mimi. Sikuwahi kujipaka kwa ajili yangu."

Sijawahi kupata mstari wa ushairi unaonizidi nguvu kama huo. Tangu siku hiyo, nikisikia watu wanasema kwamba mama mtu mzima anayejitunza "anatafuta nini tena," najua jawabu. Hatafuti. Amekwisha pata, naye ndiye aliyempata.

Lakini kimya hicho, kisipovunjwa na liwa, huvunjwa na kitu kingine. Mama mdogo wangu, ndugu wa tumbo moja na mama, alianza kutumia mkorogo alipokuwa na miaka 45. Alisema mumewe ameanza kutazama pembeni. Neno mkorogo ni la kweli kabisa: ni kitu kilichokorogwa, wala mkorogaji hakuambii ndani yake mna nini. Kitendo nacho tunakiita kujichubua, na sijui lugha nyingine iliyosema ukweli huu waziwazi hivi. Kuchubua ni kuondoa ngozi, kama goti la mtoto aliyeanguka kwenye kokoto. Wauzaji hawalisemi neno hilo. Wao husema kung'arisha na kutakatisha. Washairi, tulitazame hili la pili. Kutakata ni kuwa safi. Anayeambiwa kwamba cream itamtakatisha ameambiwa, kabla hajalipa senti, kwamba rangi aliyozaliwa nayo ni uchafu. Hapo kitenzi kimekwisha fanya kazi yake. Kemikali inafuata tu.

Na kemikali zenyewe zinajulikana. Zebaki huzuia utengenezaji wa rangi ya ngozi, lakini huingia mwilini na kuumiza figo na mishipa ya fahamu. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, ulizitaka nchi wanachama kukomesha kufikia mwaka 2020 vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni. Haidrokwinoni ikitumiwa miaka mingi bila daktari inaweza kuigeuza ngozi ileile iliyokusudiwa kung'aa ikawa na mabaka ya buluu na nyeusi, magumu kuondoka. Dawa za steroidi, ambazo daktari huzitoa kwa siku chache kutibu ugonjwa wa ngozi, zikipakwa mwaka baada ya mwaka huifanya ngozi iwe nyembamba, mishipa ikaonekana, na kidonda kikakawia kupona. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vya kujichubua vyenye viambato hivi vya hatari. Hata hivyo vinapatikana, kwa kuwa kilichopigwa marufuku ni chupa. Kitenzi kingali kinauzwa hadharani.

Mama mdogo alipofikisha miaka 60 alihitaji upasuaji wa tumbo. Upasuaji wenyewe ulikwenda salama. Kilichotutesa kilikuwa ngozi. Kidonda hakikufunga. Daktari alitueleza kwa upole kwamba ngozi imekuwa nyembamba mno kwa mafuta ya miaka mingi, na nyuzi hazina pa kushika. Nilikesha naye usiku mwingi. Usiku mmoja aliniomba nimpake mafuta ya nazi miguuni, kwa kuwa kwingineko kulikuwa hakugusiki. Nikampaka. Akasema, "Miguu ndiyo iliyobaki yangu." Alipona, baada ya miezi mitano, nasi tunamshukuru Mungu. Leo anawakataza wajukuu wake kwa ukali ambao hakuna kampeni inayoweza kuushinda. Ninayaandika haya kwa idhini yake. Nilipomsomea aliniambia niongeze kwamba mumewe hakuacha kutazama pembeni.

Nihamie kwenye viungo, maana ngozi hata ikitunzwa vipi inahitaji mwili unaotembea ndani yake.

Neno mazoezi nalo lina siri. Chanzo chake ni zoea. Ukimfanya mtu azoee, umemzoeza. Na kinachozoeza ni zoezi. Hapana jasho ndani ya neno hili, wala kishindo wala mashindano. Ndani yake mna mazoea tu. Mtu wa makamo anayeogopa neno mazoezi kwa sababu ameona picha za vijana wanaonyanyua vyuma ameogopa picha, hakuogopa neno. Neno linamwambia: fanya kidogo, rudia kesho, mwili utazoea. Haba na haba hujaza kibaba, na mwenda pole hajikwai.

Kidogo hicho ni kiasi gani? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Wastani nao hupimwa kwa njia ambayo mshairi ataipenda: uwe unatembea kwa mwendo unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Mimi nakaa Tanga, nami hutembea alfajiri kuelekea Raskazone, bahari ikiwa mkono mmoja. Nimeigeuza kanuni hiyo kuwa yangu. Nikiona naweza kughani beti tatu za utenzi bila kukatika pumzi, natembea polepole mno. Nikishindwa hata kumjibu salamu jirani, nimezidisha. Pale ambapo naweza kusema kipande cha mizani nane, nikavuta pumzi, kisha nikasema kingine, ndipo palipo sawa. Beti zangu nyingi za miaka ya karibuni zilizaliwa kwenye njia ile, hatua moja kwa silabi moja, na zile zilizokwenda kombo kwa mizani nilizigundua kwa miguu kabla ya masikio.

Matembezi peke yake hayatoshi, kwa sababu misuli hupungua mwaka hata mwaka isipotumiwa, na mifupa ya mwanamke hupoteza uzito wake kwa kasi baada ya estrojeni kushuka. Hivyo misuli huihitaji kazi ya kubeba na kusukuma. Sina vyuma. Nina kiti, ukuta na mkeka. Naketi kitini na kuinuka bila kushika, mara kumi, napumzika, narudia. Nausukuma ukuta kwa viganja, mwili umenyooka, mara kumi. Nasimama kwa mguu mmoja nikipiga mswaki, mkono mmoja ukiwa karibu na sinki. Hilo ni la kulinda mizani ya mwili, maana katika uzee anguko moja linaweza kuvunja nyonga na kubadili maisha yaliyobaki. Mwisho nakaa mkekani, nanyoosha mgongo na mapaja taratibu, bila kurusharusha, nahesabu hadi thelathini kila upande. Yote hayazidi robo saa. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au maumivu makali ya viungo aanze kwa kuongea na daktari wake. Upole wa zoezi si kisingizio cha kutouliza.

Kwa nini mkeka? Kwa sababu mkeka ndio mtihani wetu. Wenzetu wa viti wanaweza kuzeeka bila kutambua kwamba wamepoteza njia ya kutoka sakafuni. Sisi tunakula mkekani, tunakaa matangani mkekani, na wanaosali huinama na kusujudu mara nyingi kwa siku. Goti la mtu wa pwani husema mapema. Nilianza kulisikia la kwangu nilipokuwa na miaka 48, nikiinuka kutoka sijida kwa kuegemea mkono. Siku hizo niliwatazama wanawake wa msikitini wanaosali kwenye viti pembeni ya safu. Hakuna aibu hapo, dini imeruhusu. Lakini niliona jinsi wanavyoutazama mkeka, kama mtu anavyoutazama mji aliohamishwa. Nikasema moyoni: sitaki kuhama kabla sijahamishwa. Sasa naweza tena kuinuka bila mkono, siku nyingi, si zote. Lugha imetuwekea neno kwa mwendo wa asiyejiweza: kujikongoja, na fimbo yake ni mkongojo. Sitaudharau mkongojo utakapokuja. Naukawiza tu.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani karibu na mji huu ninaoishi, alikiita kipande cha pili cha wasifu wake Baada ya Miaka Hamsini. Jina hilo nimelipenda tangu utotoni, kwa sababu halisemi mwisho wala machweo. Linasema baada, kana kwamba kuna kitu cha kusimuliwa. Alifariki mwaka 1962, akiwa na miaka 53. Mimi nimebakiza miwili kuufikia umri huo. Nikiwaza hivyo, dakika 30 za alfajiri hazinionekani tena kuwa kitu cha kuahirisha. Wapo wengi wetu waliopewa miaka michache baada ya hamsini, nao wakaitumia kuandika. Wengine tutapewa zaidi. Kalamu inahitaji kidole kisichokakamaa, mgongo unaokaa, na jicho lililolala usiku. Kuutunza mwili ni sehemu ya kutunga.

Ndiyo sababu nimetunga beti hizi njiani, kwa miguu, na nazileta kama nilivyozipata:

Si dafu tena si nazi, jina langu ni koroma,
Nayafanya mazoezi, sitaki kurudi nyuma,
Naipa ngozi malezi, kama mtoto kwa mama,
Kukoma ni kukomaa, mwili wangu nautunza.

Ngozi ingali na maji, ndipo mafuta napaka,
Rangi yangu si mtaji, wala doa la kutoka,
Kunyanzi katika paji, ni mistari ya miaka,
Kukoma ni kukomaa, mwili wangu nautunza.

Asubuhi ufukoni, nahesabu nyayo nane,
Kila hatua mwilini, ni mizani niinene,
Goti, nipeleke chini, uniinue tuone,
Kukoma ni kukomaa, mwili wangu nautunza.